Antena ya Sumaku Tatu

Jumatatu, 10 Novemba 1997

Mvua tena. Tangu alfajiri. Redioni wanasema imeletwa na El Nino. Sijui ni mtu wa wapi, ila simpendi.

Mimi ni mke wa mtu! Naandika tena kwa raha zangu: mke wa Chenge. Hii ni wiki ya tatu tangu tufunge ndoa, na bado kila asubuhi nikifumbua macho natazama kwanza kama yupo. Yupo. Hulala mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayengoja uji. Halafu anaamka, anakunywa chai, ananiaga, anawasha pikapu kwenda mialoni, kule boti za wavuvi zinakotia nanga, kuchukua sangara, na hapo roho yangu inapanda kooni na kukaa huko mpaka jioni.

Naogopa. Humu naweza kusema. Naogopa makorongo. Naogopa madaraja. Naogopa lile jiwe la njia ya Kayenze lililokaa juu ya jiwe jingine, kama linachagua gari la kuliangukia. Naogopa kuvalishwa nyeusi kabla vitenge vyangu vya harusi havijafuliwa mara ya kwanza.

Kwenye pikapu kuna redio koli, ile ya kuongea na kujibiwa. Mwenye biashara yote ni baba mkwe. Magari ni mawili, kila moja na redio yake, na redio kubwa iko stoo ya barafu nyumbani kwake, hapa hapa Igogo, mtaa mmoja na sisi. Spika imevutwa mpaka barazani, ambako Mzee hukaa kutwa akisikiliza magari yake kama wenzake wanavyosikiliza mpira. Na anayekaa stoo, kipaza sauti mkononi, ni wifi yangu Sabina. Habari zote za mume wangu hupita kwanza sikioni mwa Sabina!

Magari huitwa kwa maandishi yaliyo mbele yake. La Zadok, dereva mwenzake Chenge, linaitwa Acha Waseme. La Chenge wangu limeandikwa kwa rangi nyekundu jina la baba mkwe mwenyewe, ambalo siwezi kuliandika hata humu. Mkamwana hataji jina la baba mkwe. Bibi yangu aliniapia kwamba meno hudondoka, akanionyesha na jirani yake mmoja kibogoyo. Sabina ni mtoto wa nyumba, yeye analitaja kutwa, kama anataja chumvi.

Leo mchana nilikwenda stoo kuuliza habari za mume wangu. Sabina alimeza karanga kwanza, ndipo akasema: "Kapotea hewani, wifi."

Kapotea hewani! Nikaketi juu ya kreti la soda. Sabina akacheka mpaka akakohoa. Akasema kila siku hupotea akishapita vilima; antena ya gari lake ni kipande cha waya kilichofungwa kwenye bampa, kitafika wapi? Atasikika akikaribia. Akauliza kama ndoa nitaiweza au wanirudishe kwetu na mahari yao.

Jioni akarudi. Ananuka samaki, mzuri kuliko wanaume wote wa Kanda ya Ziwa. Nikamkumbatia mpaka magamba yakanishika shavuni.

Nimeamua. Nitamtafutia antena. Kimya kimya.

Jumanne, 11 Novemba

Mkuyuni, kwa Nkwabi, anayeuza redio na spika zilizokwisha kutumika. Nikamweleza: antena ya redio koli ya gari, lakini isiyotoboa bati, kwa sababu gari ni la baba mkwe, na sijaona mkamwana aliyetoboa bati la mkwe akabaki na ndoa. Akasema basi nataka ya sumaku. Unaiweka juu ya paa, inashika yenyewe.

Sumaku! Kidato cha pili tuliisoma. Huvuta chuma bila kukigusa. Hivyo hivyo ndivyo nilivyovutwa na Chenge pale kwenye kwaya. Nilitaka kumsimulia Nkwabi, ila alikuwa na wateja.

Akanitolea tatu. Ya kwanza fupi, urefu wa mwiko, sumaku yake kama kisosi. Ya pili ya kiunoni, na msokoto wa waya chini. Ya tatu, ee Mungu! Ndefu kunizidi mimi. Inasimama kwa miguu mitatu na kila mguu una sumaku yake. Inameta. Ukiigusa inapepea kwa muda mrefu, kama haitaki kukusahau.

Nkwabi alishauri ile ya kati. Alisema fupi haianguki lakini haisikii mbali, na ndefu inasikia mbali lakini upepo unaisumbua na matawi yanaikamata. Nichukue ya kati, niiweke katikati ya paa kwenye chuma kitupu, waya usibanwe na mlango, na mtu asithubutu kuongea kabla haijaunganishwa maana redio itaungua.

Nikamwuliza ipi inasikia mbali kuzidi zote. Akasema ndefu, lakini. Sikungoja hiyo lakini. Mtu anayempenda mumewe atanunua ya kati?

Sikuwa na pesa. Nilikuwa na saa ya ukutani, zawadi ya harusi kutoka kwa Sabina. Ina jogoo wa plastiki anayetoka mlangoni na kuwika kila saa, mchana na usiku. Chenge huruka kitandani akidhani kumekucha. Nkwabi aliipenda mno. Aliifanya iwike papo hapo, wateja wakapiga makofi. Tukabadilishana.

Antena iko chini ya kitanda. Imetokeza pande zote mbili. Sasa nina hofu mpya: Sabina akija, akatazama ukutani.

Alhamisi, 13 Novemba

Alikuja. Akatazama ukutani.

Nikasema saa iko kwa fundi, jogoo amepoteza sauti. Akasema ajabu, jogoo huyo aliuzwa pamoja na dhamana. Fundi gani? Nikasema wa Nyegezi. Nyegezi ipi? Ya stendi. Stendi upande gani? Nikasema upande wa mabasi. Akanitazama kama anavyotazama samaki wa jana.

Kisha akainama. Akauliza kile kinachotokeza uvunguni ni nini. Mti wa chandarua, nikasema. Akauliza tangu lini mti wa chandarua una waya. Nikasema ni miti ya kisasa, imeingia na soko huria. Akaondoka akitikisa kichwa. Mlangoni akageuka, akaniambia: "Wifi, wewe umesoma mpaka kidato cha nne, lakini uongo hukufundishwa."

Mvua haikukatika. Chenge alichelewa. Nilipasha chai, ikapoa, nikapasha, ikapoa. Kila gari lililopita nililipigia magoti moyoni. Alipoingia nilijifanya nilikuwa nashona.

Kesho namfungia antena. Siwezi siku nyingine kama hii.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku ya ajabu. Nina woga na nina furaha, sijui kipi kimetangulia.

Asubuhi, Chenge akiwa bado anapiga mswaki, nilipanda nyuma ya pikapu, nikaibeba antena kama mshika msalaba, nikaiweka katikati ya paa. Ikateleza. Ikashuka kiooni, ikafika kwenye boneti, na hapo ikashika kama kupe. Nikaibandua kwa nguvu zangu zote. Nikairudisha katikati ya paa. Ikateleza tena. Nikajaribu sumaku moja moja. Pembeni mwa paa zinashika mpaka zinabana vidole. Katikati, hakuna. Kama unaweka kikombe juu ya meza.

Nikagonga kwa kidole. Pembeni, ngo! Katikati, dufu. Ngo, dufu.

Chenge alitoka na povu mdomoni. Aliponiona, povu likabaki na rangi yake lakini uso ukageuka majivu. Akaniomba nishuke taratibu. Akaniingiza ndani, akafunga mlango, akaniambia.

Katikati ya paa si chuma tena. Ni puti, ule udongo mgumu wa mafundi wa bodi wanaojazia palipobonyea kabla ya kupaka rangi. Gari lilipinduka. Lilipinduka Machi, Mzee akiwa msibani Shinyanga, na Chenge akaligonga na kulijaza puti na kulipaka rangi kabla Mzee hajarudi. Mzee hajui mpaka leo. Gari lenye jina lake! Gari la kwanza kununua maishani mwake, ambalo kila Jumapili hulifuta vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe. Akijua, ufunguo unahama siku hiyo hiyo.

Nikamwuliza lilipindukaje. Akatazama chini. Alikuwa anasoma barua yangu. Ile niliyomjibu kwamba ndiyo, nimekubali. Alikuwa anaisoma huku anaendesha.

Alipinduka kwa ajili yangu! Nililia. Kwa mapenzi kwanza, kisha kwa woga, kisha tena kwa mapenzi. Mtu akapinduka miguu juu na alipotoka mle ndani, anasema, jambo la kwanza alilotafuta ni ukurasa wa pili.

Nikaapa sitamwambia mtu yeyote. Puti itakufa na mimi.

Tuliiweka antena pembeni, kona ya nyuma kushoto, ambako bado kuna chuma. Imekaa upande kama kofia ya mlevi. Chenge akasema ni nzuri sana. Macho yake yalikuwa kwenye matawi ya mwarobaini wa jirani, lakini alisema ni nzuri sana.

Jumamosi, 15 Novemba

Inafanya kazi! Nusu.

Nilikaa stoo na Sabina tangu asubuhi. Chenge alipokuwa anakwenda, tulimpoteza kwenye vilima kama kawaida. Nikasogeza kreti langu karibu na redio. Alipogeuka kurudi, sauti yake ikatujia kutoka Kayenze, safi, utadhani amekaa kwenye kreti la barafu.

Nilikimbilia kwa Nkwabi kuuliza. Akasema ndiyo, antena ikiwekwa kona ya nyuma inapendelea upande ule wenye bati refu mbele yake. Kwa hiyo gari likiwa limetupa kisogo, hatumsikii wala yeye hatusikii vizuri. Likitugeuzia uso, tunasikilizana. Ndiyo maana alisema katikati. Je, nimeiweka katikati? Nikamwambia kuna sababu za kifamilia.

Basi mume wangu akienda ni wa barabara, akirudi ni wangu. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo.

Ila Sabina! Mzee alipouliza kutoka barazani sauti imesafikaje hivi, akasema ni yeye, amesafisha vifungo kwa spiriti. Nilipoomba nishike kipaza sauti mara moja tu, nimsalimie mume wangu, akasema kipaza sauti si mwiko wa kuonjea mboga.

Mvua imechimba njia mpaka mlangoni kwetu. Usingizi hauji. Antena anayo, sauti inafika, na mimi sijasema neno hata moja.

Nimepata mpango.

Jumanne, 18 Novemba

Ukucha mmoja umevunjika. Naandika hivyo hivyo.

Mpango ulikuwa mzuri. Nilimwambia Sabina kwamba Mkuyuni wameshusha vitenge vipya, maua makubwa, na vinakwisha. Akavua kanga ya kazi, akaniamuru nisiguse kitu, akachukua mwavuli. Nilingoja akate kona. Nikaketi kwenye kiti chake. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia Chenge, la heshima, ambalo hata Mzee pale barazani angelisikia bila kuona haya: karibu nyumbani.

Mvua ikazidi. Bati likanguruma. Ndipo Zadok akaingia, sauti ya mtu aliyekimbia: "Stoo, stoo, hapa Acha Waseme!" Nikaitika. Akashangaa: "Shemeji? Sabina yuko wapi?" Hakungoja jibu. Alisema yuko Igombe na amekutana na watu wa trekta waliogeuza. Kalvati la bondeni, upande wa huku kwetu ukishatoka Kayenze, limebebwa na maji. Maji yamefunika shimo, ukiangalia unadhani ni dimbwi tu. Chenge ametoka mwaloni na mzigo kamili na anakuja. Amemwita, lakini Acha Waseme nalo lina waya wa bampa, halimfikii. Ya stoo itamfikia. "Mwite, shemeji! Mwite sasa hivi!"

Nikabonyeza. Nikafungua mdomo. Jina la gari likaja mpaka kwenye ncha ya ulimi, likakaa.

Nikasema: "Gari letu! Gari letu jeupe, ingia!"

Masafa yale ni ya watu wote. Akaingia mtu wa lori la pamba, akasema lake ni la bluu, je, litafaa? Nikasema namwita mwenye gari lenye jina la Mzee. Mwingine akauliza mzee yupi, mama, mbona wako wengi. Nikasema Mzee mwenyewe, baba yake wifi yangu! Wakacheka. Mtu mmoja akaniomba nimpe shikamoo zake.

Nikatupa haya zote. Nikaita: "Chenge! Chenge! Chenge!"

Sauti nzito ikajibu papo hapo: "Nipo, mpenzi. Sema."

Hakuwa wangu. Alikuwa Chenge mwingine, wa boti ya Ukerewe. Akaniuliza nimepika nini.

(Chenge wangu alisikia yote. Baadaye alinieleza kwamba alisikia mwanamke anamwita Chenge, na Chenge anaitika mpenzi, akaona awaachie mambo yao. Kwa kelele za mvua hakunijua sauti.)

Barazani kiti kikaanguka. Mzee akaja mbio na bakora yake, akafika mlangoni mwa stoo, akasimama kama amegonga ukuta. Stoo ni ndogo, mtu akiingia mwingine atoke. Baba mkwe hawezi kujibana humo na mke wa mwanawe. Akabaki nje mvuani, maji yanamtiririka kidevuni, akapiga kelele: "Taja jina, mama! Nimekuruhusu! Taja!"

Nikapiga magoti, kipaza sauti mkononi, nikasema shikamoo baba. Mazoea!

"Marahaba, taja!"

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Nikahisi meno yangu yote, moja moja, yananisikiliza. Nikainuka nitoke nimpishe aingie yeye. Yeye akarudi nyuma tusigusane. Waya wa kipaza sauti ukanivuta ndani. Yeye akaja mbele, mimi nikatoka, yeye akarudi nyuma. Tukaenda hivyo, mimi na baba mkwe wangu, kama watu wanaocheza ngoma bila ngoma, na mwanawe anakuja na tani ya sangara kuelekea shimoni.

Nikamwona Chenge. Nikaona dimbwi. Nikaona pikapu inainamisha pua. Nikabonyeza mpaka ukucha ukavunjika:

"Chenge wa gari lenye puti! Puti katikati ya paa! Gari ulilolipindua ukaficha! Simama!"

Kimya. Ziwa zima kimya. Hata mtu wa pamba.

Kisha sauti yake, safi kabisa, maana alikuwa ametugeuzia uso: "Justa! Hilo unalitangazaje hewani?"

Nikamwuliza yuko wapi. Akasema amefunga breki katikati ya barabara, kwa mshtuko, samaki wamemwagika. Nikamwuliza mbele yake kuna nini. Akasema dimbwi. Nikamwambia si dimbwi. Nikasikia mlango unafunguliwa, mvua, kisha mvua tu, kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Aliporudi sauti ilikuwa ndogo. Alitupa jiwe, hakulisikia likifika. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshakanyaga maji.

Akasema: "Mke wangu." Basi. Hata yule wa Ukerewe akasema pole, dada.

Nililia nikiwa nimekumbatia redio. Nilipogeuka, Mzee bado amesimama mvuani. Alikuwa amesema Mungu asifiwe, nilimsikia. Kisha akavuta pumzi, akauliza taratibu: "Puti?"

Na nyuma yake akatokea Sabina. Hana kitenge. Ana saa yake kwapani, imelowa, na jogoo anawika.

Jumatano, 19 Novemba

Maji yalipungua usiku, na leo mchana Chenge amevuka kwa njia ya juu. Amerudi mzima! Nilimgusa masikio, vidole, kila kitu, kimoja kimoja. Nilitaka tubaki hivyo. Lakini Mzee alikuwa anangoja uani.

Aliomba antena. Akaishika kwa miguu yake mitatu, akaipitisha juu ya gari lote, polepole, kama daktari na kipimo chake. Boneti, imeshika. Milango, imeshika. Paa, ikaanguka. Akairudisha, ikaanguka. Akaweka kiganja chake juu ya ile puti, akakiacha hapo.

Chenge akaungama yote, mpaka barua. Zadok, aliyekuja kuangalia, akauliza ilikuwa ukurasa wa ngapi.

Mzee hakufoka. Ingekuwa nafuu. Alisema dereva anayesoma barua haendeshi jina lake. Ufunguo akampa Zadok. Chenge, kuanzia Jumatatu, atakwenda na boti kuchukua samaki visiwani.

Boti! Ziwani! Nilishika ukuta. Chenge hajui kuogelea. Anajua kuelea kidogo akiwa amelala chali, na hiyo ni kwenye maji ya magotini.

Kwangu Mzee hakusema kitu uso kwa uso. Alimtuma Sabina na kuku. Sabina alisema baba anashukuru, adabu yangu ni kubwa kuliko ya wakwe wote wa Igogo, na nusura adabu hiyo imuue mwanawe. Akanirushia antena: "Na mti wako wa chandarua huu hapa." Kuhusu saa alisema nini siandiki. Ni wifi yangu na nampenda.

Usiku Chenge alinipa kisogo. Kisha gizani akanishika mkono, akaniambia nilimsimamisha hatua moja kabla. Nikayeyuka. Kisha akasema: "Lakini puti, Justa! Kati ya maneno yote ya Kiswahili!"

Jumapili, 23 Novemba

Jua! Sijaliona tangu wiki iliyopita. Ziwa limetulia, linameta, linajifanya halijawahi kumdhuru mtu. Sidanganyiki.

Kesho alfajiri anaondoka. Sijala tangu jana. Lakini nimetulia sasa, maana nimefikiri sana na nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kona. Antena ingekuwa katikati, sauti ingefika pande zote, akienda na akirudi, na hayo yote yasingetokea.

Mzee amekubali Chenge apewe redio ya akiba. Imeshafungwa kwenye boti, imefunikwa turubai. Antena haina. Nilipita kwa Nkwabi. Akasema boti ni ya mbao, sumaku haina cha kushika, na tena antena ile inataka chuma kipana chini yake. Akaanza kunieleza kuna aina nyingine, ya boti, inayofungwa kwa skrubu juu ya mlingoti. Sikungoja. Chuma kipana! Alikuwa ameshasema mwenyewe.

Bati nimelipata kwenye banda la kuku la Sabina. Mvua zimekwisha, kuku hawatadhurika. Nyundo ni ya Chenge. Misumari nilichagua ya inchi nne, maana ya inchi mbili niliiona inacheza, na mawimbi ya ziwa si ya mchezo. Watu walipokwenda nyumbani kula baada ya misa, nikashuka mwaloni. Boti ilikuwa imefungwa kwa kamba, majini pale pembeni. Niliogopa kuipanda. Nilipanda nimefumba macho, nikimtaja Chenge kila hatua.

Sikuliweka bati juu ambako upepo utalisumbua. Nkwabi amenifundisha habari za upepo. Nimeliweka chini kabisa, sakafuni, katikati barabara. Mbao ni laini ajabu. Misumari imezama mpaka kichwa, nikaisikia kabisa imetokea upande wa pili. Ni misumari mingi, pande zote. Na sumaku zimeshika! Zote tatu! Katikati! Imesimama wima inapepea, juu ya vichwa vya boti zote za mwalo huu. Nimekaa chini yake naandika, na machozi yananitoka kwa raha.

Viatu vimelowa. Nimetazama, kumbe kuna maji sakafuni, na yanaongezeka. Boti yenyewe inavuja! Na hakuna aliyemwambia Chenge! Wangemwacha mume wangu aende visiwani na kitu kama hiki! Bahati nimewahi. Mtu anayesafiri kwa boti inayovuja ndiye hasa anayehitaji antena ndefu.

Naongeza misumari miwili mitatu, halafu nikapike.